Tanga la Jirani

Palikuwa na mama mmoja, wapendwa, aliyeogopa kuchelewa kuliko alivyoogopa kuzama.

Aliishi kisiwani, huko ziwani, na binti yake Nyangeta alikuwa ameolewa ng'ambo. Asubuhi moja simu ikalia: uchungu umemshika Nyangeta, ni mimba ya kwanza, yuko hospitali na anamwita mama yake. Boti ya abiria ilikuwa imeshaondoka. Mume wa mama huyo alikuwa na mashua ndogo ya tanga, basi wakaingia wao wawili, mume kwenye usukani, mama kwenye kamba ya tanga. Jirani yao naye akang'oa nanga nyuma yao, peke yake katika mashua yake, ana shughuli zake mjini.

Walipofika katikati, upepo ukabadilika. Ziwa likawa jeusi, maji yakaanza kuruka ubavuni na kuwalowesha.

"Mama Nyangeta," mume akasema, "tupunguze tanga."

"Tupunguze? Mwanangu yuko leba, wewe unataka twende kama konokono?"

"Nataka tufike. Sasa hivi tunaweza. Tukingoja kidogo hatutaweza."

Mama akalegeza kamba. Mume akaelekeza mashua kule upepo unakotoka, tanga likawa linapigapiga hewani. Wakaliteremsha kidogo. Mama akaikunja sehemu ya chini na kuifunga kwa vile vikamba vilivyoshonewa kwenye kitambaa. Kila fundo alilokaza aliona anamchelewesha mwanawe kwa mkono wake mwenyewe. Walipolipandisha tena lilikuwa tanga dogo la kutia aibu. Mashua ikatulia, lakini mwendo ukafa.

Ndipo jirani akawapita kwa mbali. Tanga lake lote liko wazi, mashua imelala ubavu, inakata maji kama kisu. Akainua mkono akapunga. Akapunga tena.

Mama akageuza uso. "Unamwona mwenzio? Anatuaga huyo. Sisi tutafika mjukuu ameshaota meno."

"Namwona," mume akasema, lakini macho yake yalikuwa kwenye mawimbi.

Niwaulize, ninyi mngekuwa mama huyo, mngesema nini? Safari nzima alimsikia Nyangeta ndani ya ule upepo. Wimbi likipiga, anawaza: sasa anasukuma. Lingine likipiga: sasa ameniita, nami sipo. Alitamani awe kwenye ile mashua ya jirani. Aliitamani mpaka ikapotea machoni.

Wakafika. Na kitu cha kwanza walichokiona ni mashua ya jirani juu ya mawe, mlingoti umevunjika. Mwenyewe amekaa kwenye mchanga, amelowa chapa, viganja vimechunika ngozi. Alipowaona akasema taratibu:

"Shemeji, mbona mliniacha?"

"Tukuache?" mama akashangaa. "Si wewe uliyetupita?"

"Nilikuwa nawaita. Nilipunga mkono, nikapiga kelele, upepo ukachukua sauti. Ulipoanza nilisema nitapunguza tanga mbele kidogo. Ulipozidi, nikawa siwezi tena kuachia usukani ila nukta ile ya kupunga, maana nikiuachia zaidi napinduka. Nilikuwa siendi, shemeji. Nilikuwa nachukuliwa."

Mama akavua kitenge chake, akamfunika mabegani, akamwacha mumewe naye, kisha akakimbilia hospitali. Alimkuta Nyangeta bado yuko kwenye uchungu. Mtoto alizaliwa mchana ule, bibi yake akiwa amemshika Nyangeta mkono.

Sasa, ndugu zangu, sijui kama wangeweza kumsaidia yule jirani pale katikati ya ziwa. Pengine wasingeweza. Ila mimi kinachoniuma ni kwamba mtu alikuwa anaomba kuokolewa, na jirani yake akamwonea wivu.

Na sisi je? Wangapi hapa tumesema "nitapunguza mbele kidogo"? Unajua mwenyewe ni kitu gani. Hasira yako, chupa yako, zile kazi zinazofanya watoto wako wakuone umelala tu. Kupunguza tanga kunataka mkono ulio huru, na leo bado unao. Usingoje siku ambayo mikono yote miwili imeng'ang'ania usukani.

Halafu kuna yule mwingine. Yule ambaye mambo yake yanakwenda mbio, tunamtazama tukisema Mungu amempendelea, mbona sisi tunatambaa. Tumewahi kumuuliza kama anakwenda, au anachukuliwa?

Kuna mtu amekujia akilini nikiwa nasema haya. Mpitie leo, kabla hujafika kwako. Usianze na hongera. Muulize hali yake, halafu ukae mpaka ajibu.