Mastaa Wawili na Sufuria Nne za Pilau

Hapo zamani za kale, wajukuu zangu, enzi ambazo Fisi bado alikuwa anaalikwa harusini, Mzee Kobe alimwoza binti yake. Sufuria nne za pilau! Harufu ikapanda hadi mtini kwa Mama Kindi, ambaye watoto wake watatu hawakuwa wametia kitu tumboni tangu juzi.

"Mama, leo tutakula?"

Roho ilimuuma. Kila harusi Fisi na Kiboko ndio waliotangulia kwenye sufuria, wadogo wakaambulia ukoko. Leo ukoko aliukataa.

Akawakuta wawili wale langoni kwa Kobe, wanalegeza mikanda.

"Shikamooni, mastaa!"

"Ma-nini?" Kiboko akashtuka.

"Mastaa! Staa ni yule anayekodolewa macho na kila mtu, hata kama hakuna anayejua kafanya nini."

"Ala! Ndiye mimi huyo!" Fisi akaruka.

"Na mimi je? Mbona mimi ndiye mkubwa?"

"Nyote wawili. Ila staa ana miiko yake. Anakaa meza kuu, anavaa miwani ya jua, anapunga mkono. Na hagusi chakula mbele za watu, ng'o! Akionekana anatafuna tu, ustaa kwisha. Anakuwa mlaji kama mimi."

Sherehe ikaanza. Kasuku, mshereheshaji, akapaza sauti: "Mastaa wetu haooo!"

Lililililiii! Vigelegele. Fisi, miwani ya jua usoni, akapunga mkono. Kiboko akaketi, kiti kikalia kwaa!

Mpishi akawaletea sinia la kwanza. Mate yakamchuruzika Fisi hadi kwenye tai yake ya shingoni.

"Asante, tumeshiba. Wapeni wale wadogo."

Tumbo lake likanguruma, nguruuu!

"Ni spika hiyo," Kiboko akawahi kusema.

Huku nyuma wadogo walikuwa wanakula kwa mikono miwili.

"Mama, hii ni nyama?"

"Nyama, mwanangu. Kula." Mama Kindi machozi yalimtoka kwa furaha.

Fisi akashindwa. Akatupa miwani, akaruka meza, akatumbukiza kichwa kwenye sufuria. Kong! Tupu. Ya pili, kong! Ya tatu, ya nne, kong, kong!

"We Kindi! Pilau yetu iko wapi?"

Mama Kindi akampa kijiko, akamwonyesha ukoko.

"Kwangua taratibu, staa. Watu wanakuangalia."

Basi, wajukuu zangu, mkipigiwa vigelegele, kwanza tazameni sahani yenu iko wapi.