Ngiri na Ukwato wa Punda

Paukwa!

Pakawa!

Aa, nimesikia watoto tu. Wakubwa sauti mmeziacha nyumbani? Paukwa!

Pakawaaa!

Haya. Hapo zamani za kale nyika ilikauka. Ilikauka kau! Majani yakawa vumbi, mito ikabaki mchanga. Ikasalia chemchemi moja tu, mbali, nyuma ya kilima cha mawe. Lakini kule bondeni walikuwako wazee, wagonjwa, na kina mama waliojifungua juzijuzi. Hao nani awapelekee maji?

Wanyama waliokuwa chemchemini wakakubaliana. Punda, Ngamia na Nyati watabeba maji kwa vibuyu. Kifaru ndiye atakayewapanga, huyu aende huku, yule aende kule. Ila macho ya Kifaru hayakuona mbali. Akamwita Ngiri.

"Ngiri, uwe macho yangu. Kila asubuhi wakague wabebaji. Nani mzima, nani mgonjwa, nani yuko wapi. Utakaloniambia, hilo nitalifuata."

"Nimesikia, mzee."

Mwanzoni Ngiri alifanya kazi kweli. Alishika kwato, akatikisa vibuyu, akauliza, akasikiliza. Asubuhi moja akasema, "Mzee, Nyati ameumia bega."

Kifaru akanuna. Fuu! Akapuliza vumbi kwa pua. "Kila siku habari mbaya! Huna nyingine?"

Ngiri akarudi ameinamisha kichwa. Kesho yake akasema, "Wote wazima, mzee." Kifaru akacheka, akamwita mwanangu. Lo! Neno lile lilikuwa tamu! Tangu hapo Ngiri hakukagua tena. Alikaa shimoni kwake, kwenye ubaridi, akitoa kichwa tu.

"Punda, vipi?"

"Ukwato umepasuka, kaka. Nikikanyaga jiwe nasikia moto."

"Pole, dada."

"Utamwambia mzee?"

"Nitamwambia."

Akaenda kwa Kifaru. "Wote wazima, mzee."

"Na Ngamia yuko wapi?"

Ngiri hakujua. Hakuwa amemwona. "Yuko hapahapa, mzee. Anapumzika."

Basi, ukaja upepo wa moto. Vuuu! Vuuu! Mbayuwayu akaja mbio kutoka bondeni. "Maji yamekwisha! Watoto hawalii tena. Hata nguvu za kulia hawana!"

Kifaru akapanga kwa yale aliyoambiwa. "Punda apite njia ya mawe, ndiyo fupi. Akishindwa, Ngamia yupo, atamfuata."

Ngiri alikuwa amesimama palepale. Maneno yakamjia kinywani, yakarudi. Akisema leo, si ataulizwa mbona jana hakusema?  Punda akamtazama.  Akabebeshwa vibuyu, akaondoka.

Ko-ko-ko... ko. Ko-ko-ko... ko.

Ngiri akausikia mwendo ule.  Akamfuata kwa mbali.

Kwenye mawe, Punda akateleza. Puu! Vibuyu vikapasuka, pwaa! Maji yakazama ardhini, yakaisha. Punda akajaribu kuinuka. Mguu ukakataa.

"Kaka," akasema, "ulimwambia?"

 Ngiri akakimbia, mkia juu, titititi, mpaka kwa Kifaru. "Mzee, Punda ameanguka!"

"Mwiteni Ngamia!"

Wakaita. Ngamia! Ngamia! Kimya. Ngamia alikuwa ameshaondoka, ameenda kutafuta malisho ng'ambo ya nyika. Hakuna aliyejua.

Ikabidi aende Nyati, na bega lake bovu. Hatua, anasimama. Hatua, anasimama. Ngiri alikuwa pembeni yake. Walipofika bondeni jua lilikuwa linazama. Mama Swala alikuwa amesimama juu ya mtoto wake, anamlamba.

"Mama Swala," akasema Ngiri, "maji haya."

"Mpe mwingine. Wangu hanywi tena."

Akaendelea kumlamba.

Ngiri akarudi kwa Kifaru. "Mzee, nilikudanganya. Ukwato wa Punda umepasuka, nilijua. Ngamia sikumwona. Nyati hajapona."

 Kifaru akasema, "Na mimi nilikununia uliponiambia kweli." Hakumpiga. Ngiri alitamani angempiga.

"Sasa niambie tulicho nacho."

"Punda hawezi. Nyati hawezi. Ngamia hayupo."

"Basi maji hayatakwenda bondeni. Wa bondeni ndio waje kwenye maji. Wenye nguvu wote wakawabebe."

Wakamwinua Punda pale kwenye mawe, wakawabeba wazee, wakawaongoza wagonjwa, wakafika chemchemini. Wakapona. Wangeweza kuhama mapema, kama ukweli ungesemwa mapema. Mama Swala alitoka bondeni wa mwisho. Kila mara alikuwa akigeuka nyuma.

Jamani, watoto kwa wakubwa, sikieni. Anayepanga safari za wengine hupanga kwa habari anazopewa. Ukimpa za uongo, hata za kumfurahisha tu, kuna mtu mbali huko ataumia. Nawe unayeletewa habari, usimnunie anayekuletea ya kweli.

Hadithi yangu imekomea hapo, nami sina la kuongeza.