Kilele cha Bwana Nyani

Paukwa!
Pakawa!
Mwembe una nini?
Una kilele na shina!
Kilele cha nani?
Cha mwenye nguvu!
Na shina je?
Simulia tusikie!

Basi hapo kale, Bi Digidigi alipanda kokwa la embe nyuma ya nyumba yake. Akalimwagilia maji ya kuoshea vyombo, likaota. Mwembe ukakua juu, juu, juu, ukapita paa. Maembe yote yakawa kileleni, na Digidigi hajui kukwea.

Siku moja Bwana Nyani akawaita majirani wote kisimani. Akasema, "Sikieni! Mwembe ule, kuanzia usawa wa paa kwenda juu, ni wangu. Chini ya paa ni wa Digidigi. Atakayevuka mpaka, akatwe mkia!"

"Lakini Mjomba, nimeupanda mimi."

"Kwani wewe una mkia gani wa kukatwa?"

Majirani wakaangua kicheko. Mkia wa Digidigi ni wa kutafutwa.

Ikawa Nyani anakula juu, anatupa makokwa chini. Nyam, nyam, pwa! Nyam, nyam, pwa! Mtoto wa Digidigi akaokota moja, akalilamba, akalia. "Mama, hili limekwisha nyonywa."

Digidigi akasema moyoni, "Mwanangu halelewi kwa makokwa ya Nyani."

Msimu ulipokwisha, akamwendea Nyani, machozi yanamtiririka. "Mjomba, fanya yote utakayo. Ila nakuomba, usikikate kilele chako ukaenda kukipanda kwako. Nitakosa kivuli, jua litaniua!"

Nyani akaruka. "Kumbe kinapandika! Lete panga!"

"Hili hapa, Mjomba."

"Mbona limenolewa hivi?"

"La kukatia mchicha."

Kacha, kacha, kacha, puu! Nyani akaburuta kilele mpaka kwake, akakichimbia shimo, akakaa kukingoja.

Mvua zikanyesha. Mwembe uliokatwa ukachipua kila upande, tangu chini shinani. Machipukizi yaliyotaka kwenda juu, Digidigi akayatafuna. Yaliyokwenda pembeni, akayaacha. Mwaka wa kwanza, majani. Mwaka wa pili, maembe, mengine yakimgonga mwanawe kichwani.

Nyani akaja mbio. Kilele chake kilikuwa kimekauka kikawa kuni. "Maembe yangu!" Akanyoosha mkono.

Digidigi akasimama mbele ya mwembe, hakusogea. "Mjomba, litazame paa. Litazame embe. Liko juu au liko chini?"

Majirani walikwisha jaa uani. "Liko chini!"

"Panga ni lile lile," akasema Digidigi, "na mkia naona unao."

Nyani akaushika mkia wake kwa mikono miwili, akaondoka kinyumenyume mpaka kisimani.

Basi watoto wazuri, jifunzeni kuwatii wenye nguvu. Wakidai kilele, msibishane nao, wapeni. Na panga muwanolee.

Embe letu limekwisha. Nyama mmekula ninyi. Kokwa nirudishieni, nikapande.