Panga la Mcha Ussi

Sheha wa Kidumbwini, Ngwali Vuai Pandu, alipiga marufuku kubeba chochote chenye makali njiani. Akakusanya visu na mapanga ya watu akayafungia nyumbani kwake, likiwamo panga la Mcha Ussi, muuza madafu.

Watu wakakutana sokoni kubishana naye.

"Sheha, madafu niyafungue kwa meno?" akauliza Mcha.

"Yauze mazima. Sheria haina mkubwa wala mdogo. Mkinikuta hata mimi na kisu njiani, njooni kila mtu achukue chake."

Mcha akaaga kwa adabu, akaondoka. Haukupita muda akarudi anahema.

"Sheha wangu, fahali wako wa harusi! Nimemwacha amelala chini, macho yamemlegea, povu linamtoka mdomoni!"

Moyo wa Sheha ulishtuka. Binti yake alikuwa anaolewa kesho, na fahali akifa hajachinjwa ni mzoga, haliwi. Alikimbia nyumbani, akachomoa kisu kirefu, akakatisha nacho katikati ya soko kuelekea malishoni, kanzu ameipandisha magotini, bismillahi mdomoni.

Fahali alikuwa amejilaza kivulini, macho yamelegea kwa usingizi, anacheua kwa raha zake, povu la kucheua mdomoni.

"Mcha! Si ulisema anakufa?"

"Hasha, Sheha wangu. Nilisema amelala." Nyuma ya Mcha soko zima lilikuwa limefuata, linacheka. "Sasa panga langu nikalichukue, au tukungoje kwanza ukiweke hicho kisu?"