Bunduki Mpya ya Njuki

Wahenga hawakukosea waliponena kwamba kipya kinyemi kingawa kidonda. Kitu kipya humpofusha mtu, akakisifu hata kinapomuumiza. Mwenye shaka angemwendea Njuki, mkulima wa nyanda kavu za Embu, msimu ule ndengu za mkewe zilipokomaa shambani na nyani wakazinusa.

Njuki alikuwa na leseni ya bunduki ya marisau. Ya kwanza aliirithi kwa babake: kitako cha mti mgumu, mwili wa chuma kilichochongwa kutoka bonge moja. Ukiikoki ili risasi iingie, mkono wa mbao ulio chini ya mtutu uliteleza bila kusita, kisha ukalia krach! hadi ng'ambo ya korongo. Nyani waliujua mlio huo, na mara nyingi risasi haikuhitajika.

Kisha akaona mpya dukani, nyeusi tititi, nyepesi. Roho ikamruka. Ile ya zamani akamuuzia shemeji yake Riungu, mkulima wa miraa kule Laare, naye akaikatia leseni. Mpya ilikuwa na kitako cha plastiki, vyuma vyembamba kama vya karai, na kingo ambazo hakuna aliyejisumbua kuzipiga tupa. Njuki hakuyaona hayo, maana penzi halina macho.

Riungu alikuja kuwatembelea, bunduki yake begani. Siku hiyo hiyo mchana, Veronicah, mke wa Njuki, alitoka jikoni akimwita mumewe kwa mayowe.

"Baba Kendi! Nyani wanamaliza ndengu!"

Mahindi yalikuwa yamekauka yote mwaka huo. Ndengu zikiisha, nyumba ingelala njaa.

Njuki akatoka mbio, akakoki. Mlio ukawa mwembamba kama wa kifuniko cha mkebe. Nyani dume akageuka, akamtazama, akaendelea kutafuna. Njuki akakoki tena, risasi ikakwama katikati. Alipotia kidole kuitoa, ukingo wa chuma ukamkata na damu ikamchuruzika.

"Ngoja kidogo, shemeji! Hii ni ya kisasa, inataka kuzoewa tu!"

"Na nyani nao wangoje?" Riungu akauliza.

Akaikoki ile ya zamani. Krach! Hakufyatua hata risasi moja. Kundi zima likatimua mbio, watoto wakining'inia matumboni mwa mama zao. Veronicah alicheka kwa furaha hadi akakaa chini, maana sehemu kubwa ya shamba ilikuwa imesalimika.

"Shemeji, tubadilishane," Riungu akasema kwa upole. "Twende tukaandikishe upya, nikurudishie ya mzee."

Njuki akaifuta damu kwenye bunduki kwa shati lake safi.

"Wacha mchezo! Hiyo yako haina hata mahali pa kufunga tochi. Si uone vile hii inang'aa!"

"Basi kaka," Veronicah akamwambia Riungu, "wewe hurudi Laare mpaka nivune."

Njuki hata hakusikia. Alikuwa ameketi kivulini, kidole kimefungwa kitambaa, akiipaka bunduki yake mafuta huku akiiimbia. Hakika, kipya kinyemi kingawa kidonda.