Vitumbua vya Bi Mashavu na Santuri ya Sultani

Palikuwa na sultani mmoja, Fakhri jina lake, aliyejaliwa kila kitu duniani isipokuwa sauti. Hilo halikumzuia. Akaimba, nyimbo zikatiwa kwenye sahani za santuri, sahani zikafungwa katika albamu moja yenye jalada la mahameli. Albamu akaiita "Mimi na Sauti Yangu". Kisha akapiga mbiu: kila ajuaye muziki atoe uhakiki wake kwa uhuru kamili, mradi uhuru huo usishuke chini ya nyota kumi.

Wahakiki wa mji, watu wa haki wale, wakatoa. Mhakiki mkuu wa ikulu, Shekue, alichapisha sifa zake siku moja kabla ya santuri kufika, maana aliogopa kuisikiliza kungemharibia maoni. Kadhi akatoa nyota kumi na moja. Alipoulizwa ile ya ziada ni ya nini, akasema ni ya jalada.

Lakini watu wa kawaida walikuwa na mhakiki wao: Bi Mashavu, mjane aliyeuza vitumbua sokoni. Huyu hakuandika kitu wala hakutoa nyota. Alipika tu, huku mwenye duka la jirani akijaribu santuri mpya. Wimbo ukimkolea, Bi Mashavu husahau kikaango, vitumbua vikaungua. Basi wateja wakifika, huchungulia sinia kwanza. Wakiona vimeungua, huvila hivyo hivyo na uchungu wake, kisha hukimbilia dukani kununua santuri. Wakiona vimeiva vizuri, hula, hufuta midomo, huenda zao.

Siku ilipopigwa santuri ya Sultani, vitumbua vilitoka vizuri ajabu. Vilikuwa havijapata kutoka vile. Wateja wakarudia tena na tena, na santuri hakununua mtu.

Habari zikapanda ikulu. Bi Mashavu akaitwa, yeye na jiko lake.

"Nashika miguu, Maulana."

"Iache miguu yangu! Ni wewe unayenitukana kwa vitumbua?"

"Mimi, Maulana? Kwani kuna aliyelalamika?"

"Wamevisifu! Ndiyo matusi yenyewe! Juzi santuri ya mshona viatu mmoja ilikuunguzia sinia zima. Mimi hata kimoja?"

"Huenda ni mkaa, Maulana. Siku ile uliwaka kwa adabu sana."

Mawaziri wakaanza kukagua zulia, kila mtu na ua lake.

"Sikiliza, bibi," akasema Sultani. "Utapika hapa hapa, santuri ikipigwa. Vikiungua, nitajua una masikio, na utakwenda zako kwa heshima. Visipoungua, unahama mji huu leo, na jiko lako litabaki hapa."

Bi Mashavu akalitazama jiko lake. Alikuwa amemzika mumewe katika mji ule, na jiko lile ndilo lililowalisha wajukuu. Kuunguza makusudi si kazi. Shekue angeunguza mpaka mapazia. Lakini kesho yake watu wangelichungulia sinia, wangemwamini, wangeinunua albamu ile na kuipeleka nyumbani penye watoto wadogo. Roho yake ikakataa katakata.

"Hewala, Maulana. Ila nani atanisimamia nisifanye hila?"

"Shekue."

"Shekue ni mtu mwema. Tatizo, huyu ataviona vimeungua hata kabla sijawasha moto."

Sultani akamtazama Shekue. Shekue akatabasamu kama aliyesifiwa.

"Basi nitasimama mwenyewe!"

"Kusimama tu, Maulana? Mkono ni wangu, naweza kuuchelewesha nikakudanganya. Shika wewe kijiti cha kugeuzia. Mimi nitamimina uji tu. Wimbo ukiwa mtamu, utasahau kugeuza, vitaungua vyenyewe, na hapo nani atabisha?"

Sultani akacheka. "Bibi, nitasahau hata jina langu! Pigeni santuri!"

Santuri ikapigwa. Kadhi akafumba macho, akatikisa kichwa kwa utamu. Mawaziri wakaugulia kwa zamu. Bi Mashavu akamimina uji kikaangoni, mafuta yakachachatika, harufu ya hiliki ikajaa baraza.

Sasa, jamani, Sultani Fakhri alikuwa hajawahi kupika hata maji. Tangu azaliwe aliletewa vitu vimeshaiva. Akaingiza kijiti pembeni ya kitumbua cha kwanza, akakizungusha polepole, kikapinduka, kikaonyesha mgongo wa rangi ya dhahabu. Macho yakamtoka. "Mmeona?" Akakunja mikono ya joho. Akageuza cha pili. Cha tatu kikagoma, akakibembeleza.

"Hicho cha pembeni, Maulana," akanong'ona Bi Mashavu.

"Nakiona, nakiona! Usinichanganye!"

Santuri nayo ikapanda juu, pale Sultani alipokuwa akililia penzi kwa sauti ya bawaba isiyotiwa mafuta. Sultani akainamisha sikio kikaangoni, akasikiliza, akakunja uso.

"Nani anapiga makelele hayo? Zimeni! Siyasikii mafuta!"

Santuri ikazimwa. Kadhi alikuwa bado anatikisa kichwa. Jirani yake akamfinya.

Sultani akamaliza kugeuza katika ukimya mtamu. Akaviopoa kimoja kimoja, akavipanga kwenye sinia, akala kimoja, akalamba vidole. Kisha akalitazama sinia vizuri, na ndipo alipokumbuka shauri lililomleta mbele ya kikaango.

"Hakikuungua hata kimoja!" akafoka. "Umeshindwa, bibi! Unahama mji!"

"Hewala, Maulana," akasema Bi Mashavu, akijifunga kanga kiunoni. "Nangoja ufunge mizigo tuondoke pamoja. Kijiti ulikishika wewe, na aliyesema makelele yazimwe si mimi."