Kwa Nini Watoto wa Kike Hupakwa Hina

Kulikuwa na wakati ambapo hina haikujua mkono wa mtoto. Ilikuwa ya wake za watu, na ya msichana aliye tayari kuposwa. Kucha nyekundu zilimsemea mwenyewe kwamba ameiva kuolewa.

Mwanapili alikuwa bado anang'oka meno ya utoto. Mama yake, Bi Time, aliwapamba maharusi wa mtaa mzima, na kila alipotwanga majani ya mhina, mtoto alisogea akanusa. Je, ni ya baridi? Inawasha? Mbona jani la kijani linaacha wekundu?

"Mama, nipake kidole kimoja tu."

"Unataka mume, wewe?"

"Sitaki mume. Nataka rangi."

"Hebu kacheze huko!"

Siku moja Bi Time alikwenda harusini, akaacha kibakuli chenye hina iliyobaki. Mwanapili alitumbukiza vidole vyote, akaketi, baridi ikampanda mpaka viwikoni, akacheka peke yake. Alipokwenda kunawa, uji wa hina ulitoka, rangi ikabaki. Akasugua kwa mchanga. Akasugua kwa ndimu, na ndimu ikazidi kuikoleza.

Kesho yake alitumwa kisimani. Alikwenda amekunja ngumi, lakini kamba ya ndoo haivutiki kwa ngumi. Bi Salme, mshenga, akaviona vidole. Jioni akabisha hodi kwa Bi Time na posa ya mzee mmoja mwenye wake wawili.

"Binti keshapakwa, shoga. Ijumaa tunakuja na wazee."

Nyuma ya mlango, Mwanapili alikumbatia mikono yake. Hakujua kwamba rangi inaweza kumtoa mtu kwao.

Bi Time hakumpiga. Aliishika mikono ile, akaigeuza, akaitazama kwa muda mrefu.

"Imekolea," alisema. "Hata maharusi wangu haiwakolei hivi. Haya, kawaite wenzako. Wote. Hata anayetambaa."

Ua ukajaa wasichana, na mama zao wakaja mbio.

"Time, una wazimu? Mwanangu bado ananyonya!"

"Wangu kachezea hina tu, keshaletewa posa. Basi mngoje Bi Salme aje amwoze na wako, na ziwa mdomoni."

Wakacheka. Kisha wakaketi, wakasaidia kutwanga.

Ijumaa Bi Salme alipita mtaani na wazee wake. Mlango huu, vidole vyekundu. Mlango ule, vidole vyekundu. Kitoto kilichobebwa mgongoni kikanyoosha kingumi chekundu, kikamvuta ushungi. Akasimama njiani, kachanganyikiwa.

"Sasa yupi ndiye wa kuolewa?"

"Hayupo," alisema Bi Time. "Hawa ni watoto."

Wazee wakatazamana, wakarudi walikotoka.

Na tangu siku hiyo, sikukuu ikikaribia, mama humketisha bintiye mdogo, akakikamata kile kidole kisichotulia, akakipaka. Mtoto hubaki ameinua mikono juu, pua inamwasha, njaa inamuuma, wala hawezi kugusa kitu. Basi mama hufinyanga tonge, akamlisha.